Kamba ya Hatua Thelathini

"Mara elfu sitini!" Mshonaji alikuwa anapiga kelele, na kidole chake, kile kilichotobolewa na sindano mpaka kimekuwa kama chujio, kilikuwa kimesimama karibu kabisa na pua ya Mzee Hatua. "Elfu sitini, jirani! Miaka arobaini na tatu mimi na mke wangu na watoto wangu na mbuzi wangu tunapiga hodi kwenye maji yetu wenyewe! Hodi shemeji, naomba ndoo. Hodi shemeji, naomba nusu ndoo. Siku hizi hata mbuzi wakifika chemchemi wanapiga hodi kwanza ndipo wanakunywa!"

"Elfu sitini hazifiki," akasema Mzee Hatua bila kuinuka kitini. Alikuwa anapiga hesabu kichwani. "Labda mngekuwa mnakuja mara nne kwa siku."

"Tulikuwa tunakuja mara nne kwa siku!"

"Basi ni elfu sitini na mbili na ushei. Umejipunja."

Ndivyo alivyo Mzee Hatua, na jina hakulipata kwa bahati nasibu. Anahesabu kila anachokanyaga. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni saba. Mlangoni mpaka chooni ni arobaini na moja, na ukimkuta amesimama njiani amekunja uso ujue amepoteza hesabu na anafikiria kurudi kuanza upya. Siku alipokwenda kuposa alihesabu hatua kuanzia njia panda mpaka kizingitini kwa wakwe, akafika na jumla kamili, lakini maneno ya kusema yakawa yamemtoka yote. Mkwe wake, aliyekuwa fundi wa kusokota kamba, alimtazama wee, kisha akasema, "Angalau huyu akipotea atajua amepotea umbali gani."

Sasa huyu Mshonaji hakuwa amekurupuka tu. Wiki iliyopita alikuja mpima ardhi, binti mmoja mwembamba mwenye chombo cha miguu mitatu, akachungulia, akaandika, akachungulia tena. Kisha akatoa karatasi ya zamani yenye mihuri iliyofifia, ile aliyoiacha Bwana Shamba wakati bonde hili lilipokuwa pori tupu. Karatasi ilisema kila kaya ipewe upana wa kamba kumi, na kila kamba iwe hatua thelathini. Kumi mara thelathini, hata mbuzi wa Mshonaji wanajua, ni mia tatu. Bonde zima lilikuwa mia tatu, mia tatu, mia tatu. Shamba la Mzee Hatua, la kwanza kabisa kupimwa, lilikuwa mia tatu na ishirini, na kwa karatasi hiyo kinachozidi ni cha jirani anayefuata.

Na chemchemi? Chemchemi ilikuwa ndani ya zile ishirini.

"Alhamisi naja na mawe ya mpaka," binti alisema akifunga chombo chake. "Mkikubaliana mpaka ni huu ua wa minyaa, jiwe naliweka kwenye minyaa. Mkikubaliana pengine, naliweka hapo pengine. Mkigombana, faili linakwenda mjini." Watu wote wakanyamaza, maana faili likienda mjini huwa linapokelewa na mjukuu.

Leo ilikuwa Jumatatu.

"Mimi," akasema Mzee Hatua, na sasa aliinuka, "tangu nizaliwe sijala shibiri ya mtu." Maneno hayo bonde zima linayajua, watoto huyaigiza wakicheza. Akaingia ndani, akatoka na kamba. Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, nene kama kidole gumba, imezungushwa vizuri, na kila ncha ina kitambaa chekundu kilichogeuka rangi ya kutu. Miaka yote hiyo ilining'inia kwenye msumari wake juu ya kabati. Wageni walioneshwa kamba kabla ya kuoneshwa kiti. "Hii ndiyo iliyonipimia mimi, na ndiyo iliyokupimia wewe, na ndiyo iliyompimia yule wa mwisho kule kwenye miamba. Kamba moja! Bwana Shamba mwenyewe alisema: kamba iwe moja, asipunjike mtu. Hii kamba haijawahi kusema uongo."

Mshonaji aliishika ile kamba kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa cha mteja anayemdharau. "Kitambaa nakipima mara mbili kabla ya kukata," akasema, sasa sauti imeshuka, na ikishuka ndiyo mbaya zaidi. "Ardhi sikuipima hata mara moja. Nilisema hawa ni watu waungwana. Haya. Kamba haikusema uongo, tukubaliane. Basi muulize aliyeshika ncha yake. Kikulacho ki nguoni mwako, jirani, na mimi mambo ya nguo nayajua."

Akatupa jicho jikoni.

Jikoni alikuwa mama wa nyumba, Mama Mwalimu, anachambua maharage kwenye ungo. Ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba siku ile ya kupima, na ndiye aliyeisokota kamba yenyewe kwa mikono yake. Hakuinua kichwa.

"Shemeji," akasema kutoka kule kule, "ukimaliza kupiga kelele, ndoo yako iko hapa mlangoni. Uliisahau juzi. Nimekuoshea."

Mshonaji akachukua ndoo yake akaondoka, na alipopita kwenye chemchemi alisikika, kwa hasira kabisa, anapiga hodi.

*

Ingeishia hapo kama si daftari.

Binti yao, yule ambaye mama yake anaitwa kwa jina la kazi yake, anafundisha shule ya mbali, na likizo hii alikuja na wazo: aandike historia ya baba na mama tangu walipofika bondeni, wajukuu waijue. Amenunua daftari nene la mistari, akalifunika kwa gazeti, akaandika juu yake kwa herufi kubwa. Kila mchana huketi kibarazani, baba anasimulia, yeye anaandika. Mama hupita mara kwa mara na ungo, au fagio, au kuku anayepiga makelele, na hasemi kitu.

Mchana ule Mzee Hatua alisimulia kwa nguvu zaidi ya siku zote, kama mtu anayejibu mashtaka.

Alisimulia walivyoshushwa na lori barabarani wakiwa na majembe mawili, panga, sufuria, turubai, debe moja la maji na mtoto wa miezi minane. Lori likageuza. Dereva akauliza, "Mna hakika?" Yeye akajibu ndiyo. Mkewe hakuulizwa. Palikuwa na vichaka, vichuguu na mikonge iliyojiotea yenyewe pembeni mwa barabara, basi. Jirani wa karibu alikuwa fisi. Walifunga turubai kwenye kichuguu kikubwa, wakalala.

"Maji?" Mwalimu akauliza.

"Mtoni. Hatua elfu tisa kwenda, elfu tisa kurudi, na debe kichwani. Nilikuwa naenda mimi, siku moja naenda, siku moja nafyeka."

Mwalimu aliandika. Kisha akafungua ukurasa mpya kwa sababu alijua kinachofuata, na baba yake pia alijua, na hata kuku walionekana kujua. Walifika watatu, wiki ya tatu wakabaki wawili. Mtoto alishikwa na homa asubuhi, siku ya kwenda mtoni. Yeye akaenda mbio. Elfu tisa na elfu tisa. Aliporudi na maji ya kumpoza, mkewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha turubai na mtoto mapajani, na maji hayakuhitajika tena.

Mzee Hatua alikohoa. "Tuendelee. Andika kwamba baada ya hapo mama yako alikuwa anatembea. Anazunguka porini peke yake, asubuhi anaondoka, jua kali anarudi. Nikasema ni uchungu, mwache."

"Halafu?"

"Halafu ndipo akaja Bwana Shamba na karatasi. Mnyororo wa kupimia alisema umekatika, ameuacha kwa fundi. Nikasema basi tufanyeje, mama yako akasema, mimi nitasokota kamba. Baba yake si alikuwa msokota kamba! Siku mbili, kamba ipo. Bwana Shamba akaipima kwa hatua zake, thelathini kamili, palipozidi akakata, akafunga vitambaa vyekundu akaondoka. Siku tatu baadaye, jua la kupasua mawe, tukapima shamba letu sisi wawili, tukapanda minyaa. Baada ya mwezi mama yako akaja na ndoo ya matope, anasema ameona maji. Na wapi? Ndani ya shamba letu! Ndani kabisa, kamba ya mwisho! Nililia, usiandike hiyo. Masika ndipo akaja Mshonaji na cherehani kichwani, na wengine, nikawapimia wote mvuani kwa kamba ile ile."

"Baba, kusokota kunakuwaje? Nieleze taratibu, wajukuu hawajawahi kuona."

"Aa, rahisi." Mzee Hatua alikaa vizuri. "Unakata majani ya mkonge. Unayapara kwa mgongo wa panga mpaka zinabaki nyuzi. Nyuzi unaziosha, maana utomvu wake unawasha. Halafu unaziloweka. Katani haisokotwi kavu hata siku moja, inakatika na inakula mikono. Unaloweka usiku kucha, unasokota ikiwa mbichi kwenye paja. Kamba ya hatua thelathini hiyo, ndoo mbili, ndoo tatu za ma—"

Mkono wake uliokuwa unasokota hewa ukabaki pajani.

Mwalimu alingoja. Kalamu ilikuwa imesimama. "Ndoo tatu za maji," akamalizia yeye. "Halafu?"

Mzee Hatua aligeuza shingo. Alikuwa anatazama uani, mkewe alipokuwa anamwaga maji ya maharage kwenye shina la mpapai. Alikuwa anaona debe moja. Debe moja la maji ya kunywa, lililotoka elfu tisa kwenda na elfu tisa kurudi, na kichwa kilicholibeba kilikuwa chake mwenyewe. Wiki ile ya kamba hakuleta ndoo tatu za kulowekea katani. Angeleta vipi, isipokuwa akili imemruka? Na chemchemi ilionekana mwezi mmoja baadaye.

Miaka arobaini na tatu amesimulia hadithi hii kwa wageni, kwa wajukuu, kwa mtu wa mbolea, kwa mtu yeyote aliyekosea njia. Hakuna aliyeuliza. Na yeye, bingwa wa kuhesabu, hakuwahi kuhesabu ndoo.

"Leo imetosha," akasema.

*

Mtu akianza kumshuku mkewe akiwa na miaka sabini na moja, anakuwa na vitu vingi vya kupitia upya. Jumanne yote Mzee Hatua hakufanya kazi nyingine. Alikaa kibarazani akijifanya anachonga mpini wa jembe, jicho likimfuata mkewe kama kifaranga. Kwa nini akichota maji huchungulia nyuma ya minyaa? Kwa nini kila mtu lazima apige hodi? Siku zote alisema ni adabu. Mtu anapiga hodi nyumbani kwa mtu, sasa chemchemi ni nyumba ya nani? Yule jogoo mwekundu aliyepotea mwaka wa mafuriko, mkewe alisema kaliwa na kicheche. Kicheche gani huyo, mbona hakuacha hata unyoya? Na kofia yake ya kijani? Alisema imechukuliwa na upepo. Siku ile kulikuwa na upepo kweli?

"Mzee, mbona unanitazama hivyo?" mkewe akauliza alipomwekea chai.

"Nakutazama vipi?"

"Kama nimebeba kitu chini ya kanga."

"Umebeba?"

"Mgongo," akasema mama. "Umenibana tangu jana."

Akanywa chai. Alionja kwanza kidogo, halafu akaona haya mwenyewe, akainywa yote kwa mkupuo ikamuunguza ulimi.

Kilichomla hasa hakikuwa jogoo. Kilikuwa ile shibiri. Ukimnyang'anya Mzee Hatua ng'ombe, atakasirika siku mbili. Ukimnyang'anya ule msemo wake wa shibiri, hana cha kuamkia. Alisimama nao kwenye mikutano. Aliwasuluhisha watu kwa msemo huo, akawatolea hukumu wenye mipaka iliyosogea, akawaambia mbele ya wake zao: "Mimi kamba yangu iko ukutani, njoo uione." Kama kamba hiyo ilikuwa na kasoro, basi ni sawa, kamba ni katani tu. Lakini kama kasoro hiyo ilijulikana, ikapangwa, ikanyamaziwa na mtu anayelala upande wa ukutani wa kitanda chake mwenyewe, basi yeye amekuwa mwizi kwa miaka arobaini na tatu bila hata kuambiwa, na wizi wa namna hiyo hauna hata utamu wake.

Jumatano asubuhi alisubiri mkewe aende shambani. Akaishusha kamba. Akaitandaza uani, ncha moja kwenye mguu wa banda la kuku, akaivuta ikanyooka mpaka karibu na mpapai, akachomeka kijiti. Kisha akaitumbukiza yote kwenye pipa la maji, akaigandamiza kwa jiwe, akakaa kando yake kama mtu anayengojea uji uchemke.

Saa nzima. Akaitoa, nzito, inachuruzika. Akaifunga tena kwenye mguu wa banda, akaivuta kwa nguvu zake zote.

Haikufika kwenye kijiti.

Akavuta tena mpaka kuku wakatoka bandani kuja kuona kulikoni. Haikufika. Akachomeka kijiti cha pili pale ilipoishia, akapima kati ya kijiti na kijiti. Hatua mbili.

Hatua mbili kwa kila kamba, kamba kumi. Hata bila kalamu. Bwana Shamba aliipima ikiwa mbichi, imetoka kwenye maji. Wao wakaitumia imekauka, imerefuka. Kina Mshonaji wakapimiwa mvuani, ikiwa imejikunja tena. Kamba moja, asipunjike mtu!

"Unaipika?"

Aliruka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, jembe begani.

"Naiosha," akasema Mzee Hatua.

"Miaka yote hiyo haijaoshwa. Leo ndiyo imenuka?"

Mama akashusha jembe, akatazama kijiti cha kwanza, akatazama cha pili, akatazama kamba iliyokuwa imelala kwenye vumbi, imegeuka tope.

"Kumbe inarudi nyuma," akasema. Alisema kwa sauti ile ile anayosemea kwamba leo kuna mawingu. Mzee Hatua aliichungulia ile sauti huku na huku kama mtu anayechungulia mtungi, hakuona kitu ndani.

"Hukuwa unajua?"

"Aliyekuwa msokota kamba ni baba yako au baba yangu?"

"Baba yako."

"Haya basi."

"Haya basi nini?"

"Haya basi unauliza nini?"

Mzee Hatua akalipiga pipa kofi. "Nauliza hivi! Maji ya kulowekea katani ulitoa wapi, wakati maji yalikuwa hayajaonekana? Hilo ndilo nauliza! Ulikuwa unajua yalipo, ukanyamaza, ukasokota kamba, ukamngoja Bwana Shamba aipime mbichi, ukaniacha mimi kama bwege nivute kamba kavu mpaka ikayafikia! Si ndivyo?"

Mlango wa nyumba ulilia kidogo. Mwalimu alikuwa amesimama kizingitini, daftari kifuani, hajui kama aingie au atoke.

Mama hakukasirika. Laiti angekasirika! Alivua kitambaa chake cha kichwani, akajifuta nacho shingo, akakifunga tena polepole.

"Mimi nilishika ncha," akasema. "Unakumbuka? Nilikuwa nasimama hapa, wewe unakwenda na ncha ya pili mpaka inakaza. Wewe ndiye uliyekuwa unatembea."

"Ndiyo."

"Siku ile ulihesabu ngapi?"

"Kamba kumi."

"Sikuulizi kamba. Hatua. Kila kamba ulihesabu hatua ngapi? Mtu unahesabu hatua za kwenda chooni. Unahesabu ukiwa na homa. Siku unapima shamba lako la kwanza duniani, miguu yako ilisema ngapi?"

Kuku mmoja alidonoa ncha ya kamba, akaiona si kitu, akaiacha.

Mzee Hatua alitazama miguu yake. Alikumbuka. Ubaya wa kichwa chake ni kwamba hakisahau hesabu. Thelathini na mbili. Kamba ya kwanza thelathini na mbili, ya pili thelathini na mbili, ya tatu hivyo hivyo. Mpaka ya kumi.

"Nilikuwa nimechoka," akasema mwishowe. "Tulikuwa tumezika juzijuzi tu. Miguu ilikuwa mizito. Nilidhani natembea hatua fupi."

"Ulidhani."

"Ndiyo, nilidhani!"

"Haya," akasema mama, akaokota jembe lake. "Na mimi nilidhani."

Akaingia ndani kutafuta mafuta ya kuchua mgongo.

*

Alhamisi binti mpima alikuja na mawe yake ya saruji kwenye toroli, na Mshonaji alikuja amevaa koti, maana alikuwa amejiandaa kugombana na hupendi kugombana umevaa ovyo. Alikuja pia na tepu yake ya kushonea shingoni, hata sijui alitaka kupima nini.

"Shikamooni wazee," binti akasema. "Mmekubaliana? Jiwe naliweka wapi?"

Mshonaji akavuta pumzi ya kuanzia hotuba.

"Mia tatu," akasema Mzee Hatua.

"Samahani?"

"Weka mia tatu. Huu ua ulipandwa vibaya. Kamba ilikuwa kavu." Akaelekeza kidole kifuani kwake. "Na aliyekuwa anahesabu ni mimi. Hizo ishirini ni zake huyu."

Hotuba ikamkwama Mshonaji kooni. Alimtazama jirani yake, akaitazama minyaa, akamtazama tena jirani. Badala ya kufurahi, macho yake yakaanza kuwa madogo.

"Mbona unanipa?"

"Si ulidai?"

"Nilidai, ndiyo. Lakini mtu anadai ili abishiwe kidogo. Wewe unanipa tu, kirahisi namna hii?" Akasogea karibu. "Chemchemi inakauka? Sema. Mnajua inakauka, eh? Au kuna kitu mmekiona humo ndani?"

"Hamna kitu."

"Hamna kitu! Miaka arobaini na tatu napiga hodi, leo hamna kitu!" Akashuka mwenyewe mpaka chemchemi, akainama na koti lake, akateka maji kwa kiganja, akayanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Akaonja tena. Akarudi hajaridhika, ndevu zinachuruzika. "Ni matamu," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yako.

Binti alipima, akachimba, akasimika jiwe. Lilikuwa jiwe dogo, halifiki hata magotini, limesimama hatua ishirini ndani ya minyaa. Mahindi ya Mzee Hatua yalikuwa yamelizunguka kama watu waliokuja kushangaa ajali. Chemchemi ikawa upande wa pili.

Mwalimu alikuwa amekaa juu ya toroli tupu, daftari magotini. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu asubuhi nzima, kisha akaacha nafasi.

Ndipo mama alipokuja na ndoo.

Alikuja kwa njia ile ile ya siku zote, mwendo ule ule. Alipofika kwenye jiwe jipya alisimama. Aliliangalia juu mpaka chini, kama anavyomwangalia mgeni aliyekaa kwenye kiti chake.

"Hodi, shemeji," akasema.

Mshonaji alishtuka akaangalia nyuma yake, kisha akaelewa kwamba shemeji ni yeye. Uso wake ukawa mwekundu kama kitambaa cha kamba enzi zake. "Ka... karibu shemeji. Aa, sasa hodi ya nini tena, jamani, shemeji, mimi na wewe..."

"Adabu," akasema mama, akapita.

Aliinama, akachota, akasubiri matope yatulie, akachota tena. Mzee Hatua alikuwa amesimama kando ya jiwe, mikono haijui pa kukaa. Alikuwa amelirudisha shamba la watu. Alitakiwa ajisikie mwepesi. Lakini bado alihisi kuna kitu kimoja kimefungwa, na ufunguo wake ulikuwa umeinama pale mbele yake, unachota maji.

"Mama Mwalimu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Ishirini zimekwenda, yamekwisha. Sikudai kitu. Niambie moja tu. Maji haya, uliyaona kabla hujasokota kamba, au baada?"

Mpima akajifanya anafuta chombo chake. Mshonaji akaacha hata kupumua. Mwalimu akainua kalamu.

Mama alizungusha kitambaa kikawa duara, akakiweka kichwani. Akaishika ndoo kwa mikono yote miwili, akaiinua peke yake pamoja na ule mgongo, akaikalisha vizuri mpaka ikatulia. Alimtazama mumewe kidogo, jicho kwa jicho, maji yakicheza juu ya kichwa chake.

Kisha akageuka, akalipita jiwe, akaingia kwenye mahindi kuelekea nyumbani. Hakuna tone lililomwagika. Na Mzee Hatua akajikuta anahesabu hatua za mkewe, mpaka mahindi yakamficha.